Sugu wa Bi Mnada

Jina la Mama Pazia lilitokana na kazi yake. Alishona mapazia. Sebule ndiyo ilikuwa karakana: cherehani ya miguu kwenye dirisha pekee, meza ya kukatia iliyomeza nusu ya sakafu, na majora ya vitambaa yaliyopangwa ukutani hadi kukaribia dari. Mgeni alipoingia alipokewa kwanza na vitambaa, ndipo akaonana na mwenye nyumba. Naye mwenye nyumba alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mwepesi wa kuinuka. Ukimkuta amekaa bure, basi ujue anaumwa.

Tabia hiyo aliitoa utotoni. Alilelewa kwa shangazi yake, na shangazi hakuwa mtu mbaya, lakini mtoto wa kulelewa hujifunza mapema kwamba katika nyumba ya watu, mkono usio na kazi huonekana haraka. Kwa hiyo alifagia palipokwisha kufagiwa na kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Alipokuwa mtu mzima hakuacha. Aliwahudumia watu wote kana kwamba nyuma ya mlango kuna mtu ametega sikio, anangoja kusema, "Mnaona? Niliwaambia."

Mumewe aliendesha katapila kwenye ujenzi wa barabara, na barabara huwa zinajengwa mbali na nyumbani kwa wanaozijenga. Alirudi kwa nadra, akalala, akala, akaondoka. Binti yao mmoja alikuwa shule ya bweni. Siku nyingi Mama Pazia alikuwa na cherehani tu, na walikuwa wakielewana.

Mama mkwe wake alikuwa wa namna nyingine kabisa. Huyo alikuwa dalali. Alinadi samani zilizotumika: vitanda vya waliohama, makabati ya marehemu, viti vya ofisi zilizofungwa. Alipanda juu ya stuli, akashika kiuno, akaanza: "Haya, haya, haya! Nani anaongeza? Haya, wewe mwenye kofia, usijikune kichwa, nitasema umenunua!" Wengine walikuja kununua, wengine walikuja kumsikiliza tu. Mji mzima ulimwita Bi Mnada, na ulimi wake ulikuwa hauna likizo.

Siku mwanawe alipomleta mchumba nyumbani, Bi Mnada alimtazama binti yule juu mpaka chini, akawageukia ndugu waliojaa sebuleni, akasema, "Huyu mtamwuza pamoja na kabati, maana peke yake haonekani." Watu wakacheka mpaka machozi. Mchumba naye akacheka, angefanyaje? Lakini neno lile lilimbaki mwilini kama pini iliyosahaulika kwenye pindo. Hutaiona, ila siku utakayopapasa vibaya itakuchoma.

Miaka ikapita hivyo, kila mmoja na nyumba yake, wakionana kwenye shughuli na kusalimiana kwa heshima. Kisha kiharusi kikamkuta Bi Mnada asubuhi moja akivaa viatu. Mkono wa kulia ukalegea, mguu wa kulia ukawa mzito, na maneno yote yakampotea. Likabaki moja tu. Pengine kwa sababu alilitumia kuliko mengine yote, lilikuwa limeota mizizi pahali ambapo ugonjwa haukufika. Neno lenyewe lilikuwa "haya".

"Anaelewa kila mnachosema," muuguzi wa mazoezi aliwaambia pale hospitalini. "Mlango wa kutokea maneno ndio umeziba. Msizungumze juu yake kama vile hayupo."

Wifi yake Mama Pazia, binti wa pekee wa Bi Mnada, alikaa ghorofa ya tatu isiyo na lifti. Haikuwezekana mgonjwa apandishwe ngazi zile. Basi ikaamuliwa aende kwa mkamwana.

Aliletwa kwa teksi. Mwanawe alimshika huku, dereva akamshika kule. Alikuwa na sanduku moja la nguo, na mapajani alikumbatia chungu kwa mkono wake mzima. Ndani ya chungu mlikuwa na mmea wa majani marefu, magumu, yaliyosimama wima kama mapanga, ya kijani chenye mawimbi ya kijivu, na kingo za manjano. Wengine huuita mkonge wa ndani, wengine mmea wa nyoka kwa yale mabaka yake. Bi Mnada aliuita Sugu. Mumewe Mama Pazia akamsimulia mkewe habari zake: siku moja uliletwa mnadani pamoja na vyombo vya mtu, ukapigiwa kelele mpaka jioni, hakuna aliyeutaka. Bi Mnada akaubeba akaenda nao, akauweka nyuma ya mlango alikoweka fagio, na huko ukastawi.

"Mama anaupenda huo kuliko anavyotupenda sisi," mume alisema akifunga begi lake la safari. "Tafadhali, mke wangu, usije ukafa mikononi mwetu."

Angejua alichokuwa anakianzisha, angenyamaza.

Mama Pazia aliwashika wote wawili, mama na mmea, kama mtu aliyekabidhiwa mayai. Alimlisha mama mkwe kwa kijiko, akimpangusa kidevu kila tonge. Alimvisha, akamvua, akamchana nywele, akamwinua kabla hajaomba kuinuliwa. Alimweka Sugu kando ya kiti cha mgonjwa. Na ili maji yasichafue vitambaa vya watu, alikitumbukiza chungu kizima ndani ya ndoo ya plastiki iliyopendeza, isiyo na tundu hata moja. Kisha akamwagilia. Asubuhi kikombe, jioni kikombe.

Kila alipoinamisha kikombe, Bi Mnada alianza: "Haya! Haya! Haya!" huku mkono wa kushoto ukipunga hewani.

"Nimesikia, mama," alijibu Mama Pazia, "nakuongezea." Akaongeza kikombe kingine.

"Haya! Haya, haya, haya!"

"Basi, basi mama, usihamaki. Huyu hapa anakunywa."

Na moyoni alijisemea: hata ulimi umefungwa, bado nanadiwa.

Baada ya wiki kadhaa majani ya nje yakaanza kugeuka rangi. Mama Pazia akaingiwa na hofu. Akaona labda kiu imezidi, akazidisha maji. Jani moja likalala ubavu, la pili likafuata, na chini kwenye udongo yakawa laini kama ndizi iliyopitiliza. Usiku aliota mumewe amesimama mlangoni na helmeti yake, anauliza, "Mmea uko wapi?" Akiamka, kitu cha kwanza alichokishika kilikuwa kikombe.

Mambo yalilipuka alasiri moja. Mama Pazia alikuwa amemaliza pazia la mteja, zito, lenye bitana nyeupe, amelitandaza mezani lingoje kuchukuliwa. Akachota maji akaenda kwa Sugu. Kabla hajainama, mkono wa kushoto wa Bi Mnada ulitoka kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua kama bado anayo, ukakipiga kikombe. Kikombe kikaruka, maji yakamwagika sakafuni na juu ya bitana nyeupe, yakachuja rangi ya pazia na kuchora ramani kubwa ya kahawia.

Mama Pazia akalitazama lile doa. Halafu akasema, kwa sauti ambayo mwenyewe hakuitambua:

"Mama, unataka nifanye nini?"

"Haya..."

"Haya nini? Nikimwagilia kosa, nisipomwagilia kosa! Nakulisha, nakuogesha, nakuweka pazuri kuliko ninavyojiweka mimi, na bado tu! Tangu siku ile ya kwanza, mbele ya watu wote, kwamba mimi nikauzwe na kabati! Nilikukosea nini, mama? Nilikukosea nini?"

Nje mtu alikuwa akipiga soga na jirani, akicheka. Bi Mnada alikuwa amemkazia macho, mdomo umeenda upande, na machozi yakimtiririka kwenye shavu lile lisilojiweza. Akashika fimbo yake. Mama Pazia akaruka kumwinua, lakini yule mama akamsukuma kwa kiganja: kaa. Akajiinua mwenyewe, polepole, akitweta, akajikokota hatua moja mpaka kwenye ndoo. Akaliegemeza paja lake kwenye meza, akashika jani moja la Sugu, akalivuta.

Jani likatoka lote, bila ubishi, kama kijiko kinavyotoka kwenye uji. Mwisho wake ulikuwa mweusi, umeoza, unateleza. Harufu ikajaa chumbani, harufu ya maji ya maua yaliyosahaulika kwenye jagi.

Bi Mnada akalinyoosha jani lile mbele ya uso wa mkamwana. "Haya," akasema taratibu. Akaelekeza kidole kwenye kikombe kilichokuwa sakafuni, akatikisa kichwa. "Haya. Haya. Haya."

Hapo ndipo Mama Pazia alipoelewa. Siku zote zile mama wa watu alikuwa akipiga kelele acha, acha, acha, na neno alilokuwa nalo lilikuwa la kuhimiza. Akaketi chini palepale kwenye maji.

"Uwii, mama," akasema, "nilikuwa namzamisha."

Waliokoa kilichookoka siku ileile, pazia likiwa limeanikwa nje baada ya kufuliwa. Walimtoa Sugu kwenye chungu wakamlaza juu ya magazeti. Udongo ulikuwa tope tupu. Bi Mnada, kutoka kitini, aliongoza kwa kidole kama alivyokuwa akiongoza wapagazi wa makabati. Akaelekeza kwenye mkasi mkubwa uliokuwa mezani.

"Huo hapana, mama," alisema Mama Pazia bila kufikiri. "Huo ni wa kitambaa. Hata mume wangu haruhusiwi kuushika."

Bi Mnada akamwangalia. Mara mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka, cha upande mmoja, cha kukwaruza, cha kwanza tangu augue. Mama Pazia naye akashindwa kujizuia. Wakacheka wanawake wawili juu ya mmea uliooza, kisha kikaletwa kisu cha jikoni kilichooshwa kwa maji ya moto.

Walikata sehemu zote nyeusi na laini mpaka wakafika kwenye nyama nyeupe, ngumu. Kilichobaki kilikuwa kidogo: kipande cha shina la chini kama kidole gumba chenye majani mawili mazima, na majani mengine yaliyooza miguuni lakini salama juu. Hayo Mama Pazia aliyakatakata vipande vya urefu wa kiganja, na kila kipande akakitia alama kwa chaki ya fundi, maana Bi Mnada alimwonyesha, kwa kugeuzageuza na kutikisa kichwa, kwamba kikipandwa kichwa chini hakioti. Kisha wakaviacha vyote kivulini, juu ya gazeti, vidonda vikauke. Siku zikapita. Ndoo ya plastiki ikarudi kazi yake ya kudekia. Chungu kikazibuliwa tundu lake kwa msumari, na mchanga na kokoto vikaombwa kwa majirani waliokuwa wakijenga ukuta, vikachanganywa na udongo kidogo. Sugu akapandwa upya.

Halafu ikaja kazi iliyomshinda Mama Pazia kuliko zote: kutofanya kitu. Asubuhi mkono ulikwenda wenyewe kwenye kikombe. Bi Mnada alimkamata kifundo cha mkono, akakivuta kidole chake cha shahada, akakichomeka kwenye udongo hadi kwenye kiungo cha pili. Udongo ulikuwa na unyevu bado. "Haya," yaani ngoja. Wiki nyingine tena kidole. "Haya." Mama Pazia akirudi kwenye cherehani alikuwa anajihisi mwizi.

Lakini masikio yake yakaanza kufunguka. Akagundua kwamba haya si neno moja. Kulikuwa na haya fupi iliyokatwa mwishoni, ya kukubali. Kulikuwa na haya ya kupanda juu, ya kuuliza. Haya mbili za haraka zilikuwa za kukataza, na haya iliyovutwa kwa pua ilikuwa ya kumcheka mtu. Na ipo iliyotoka kwa pumzi tu, macho yametazama pembeni. Ile ya asubuhi alipovishwa na kufungwa vifungo. Mama Pazia alipoisikia vizuri kwa mara ya kwanza, vidole vyake vikasita kwenye kifungo. Haikuwa ya kukubali hata kidogo. Ilikuwa haya ya mtu aliyechoka kubishana.

Siku iliyofuata aliweka bakuli mezani, akakiweka kijiko upande wa mkono wa kushoto, akaenda kukaa kwenye cherehani yake, akampa mgongo. Alisikia kijiko kikigonga meno, kikianguka, kikiokotwa. Alikanyaga pedali kwa nguvu ili asisikie zaidi. Alipogeuka, nusu ya chakula ilikuwa kwenye nguo, na Bi Mnada alikuwa ameketi wima kama mtu aliyemaliza kunadi ghala zima.

"Umeshiba, mama?"

Haya fupi, iliyokatwa mwishoni.

Miezi ikaenda. Kwenye chungu, pembeni mwa yale majani mawili, ikatokeza ncha iliyojiviringisha kama sindano nene, ikapanda na kufunuka na kingo zake za manjano. Vipande vya chaki vilichelewa mno, Mama Pazia alikuwa amekwisha kuvikatia tamaa, kisha navyo vikachomoza vichipukizi, ila vyote vya kijani tupu bila manjano. Akavileta kwa Bi Mnada kwa wasiwasi. "Mama, mbona watoto hawajamfuata mama yao?" Bi Mnada akainua bega lake moja zima. Wamezaliwa, unataka nini tena?

Ndipo wifi akaja. Alikuwa mhudumu mkuu wa hoteli, mwanamke nadhifu, mwenye haraka. Alikuwa amehamia nyumba ya chini, yenye vyumba viwili vya kulala na choo cha ndani kisicho na kizingiti.

"Wifi, umefanya vya kutosha, Mungu ndiye atakulipa," alisema. "Nimekuja kumchukua mama. Nimemwekea chumba chake, dirisha kubwa, televisheni. Hapa na vitambaa hivi kila mahali, mtu hata pa kugeuka hana." Akainama mbele ya kiti. "Mama, twende nyumbani, eh?"

Bi Mnada alimtazama bintiye kwa upole. "Haya," akasema.

"Amekubali!" Wifi akasimama akipiga makofi. "Jumamosi nakuja na gari."

Mama Pazia alikuwa ameshika nyuzi mkononi. Jambo aliloliombea mwaka mzima lilikuwa limefika mlangoni. Angenyamaza tu, lingekwisha: sebule yake, ukimya wake, usingizi wa kutosha. Wala pasingekuwa na wa kumlaumu, si mwanawe mwenyewe amekuja? Lakini haya ile ameisikia. Ilikuwa laini, imeshuka mwishoni, na kichwa kimeinama kidogo. Ndivyo dalali anavyomuaga mnunuzi mwungwana ambaye bei yake haikufika.

"Wifi," akasema, "hajakubali."

"Unasemaje?"

"Hajakubali. Amekuaga."

Wifi akamgeukia, uso umewaka. "Kwa hiyo siku hizi wewe ndiye mkalimani wa mama yangu? Mimi niliyetoka tumboni mwake simwelewi?"

"Sijasema hivyo, wifi. Nimesema muulize tena. Akitaka kwenda, mimi mwenyewe nitamfungia sanduku."

Wifi akamwuliza tena, sasa polepole. Bi Mnada akafumba macho. Mdomo wake ukaanza kufanya kazi, ukihangaika upande mmoja, jasho likamtoka juu ya nyusi. Mama Pazia alitaka kumsaidia, akajishika meza. Wote wawili wakangoja, na wifi, mtu wa haraka vile, akangoja.

"Ha..." akasema Bi Mnada. "Ha... pa." Akakipiga kiganja chake kwenye mkono wa kiti. "Hapa."

Wifi akaanza kulia. Alilia kwa furaha ya kusikia neno jipya na kwa uchungu wa neno lenyewe, vyote pamoja, na Mama Pazia akamkalisha, akamshika mgongo. Hakuna aliyeshinda pale. Baadaye wakapatana mama awe anakwenda kwa bintiye mwisho wa kila mwezi, kutazama televisheni. Wifi alipoondoka alipewa kichipukizi kimoja cha kijani ndani ya kopo.

"Mimi maua yananifia, wifi," alisema akikikodolea macho. "Nasahau kumwagilia."

"Basi hilo ndilo linalotakiwa. Wewe endelea kusahau."

Maneno mengine yalirudi, machache, bila utaratibu. "Hapa" lilifuatwa na "bado", kisha "mbaya". Hilo la mwisho lilileta matatizo. Wateja walipokuja kuchagua vitambaa, Bi Mnada aliketi kwenye kiti chake akitazama, na mtu akiinua rangi isiyofaa, sauti ilitoka kona ile: "Mbaya." Mteja mmoja aliondoka kwa hasira. Wengine walianza kuja kwa ajili hiyo hasa, wakiuliza mlangoni, "Yupo yule bibi?"

Kuhusu kauli ile ya kabati, haikuzungumzwa tena. Mama Pazia hakujua kama mama mkwe aliisahau miaka mingi kabla ya ugonjwa, au aliikumbuka akakosa maneno ya kuiombea radhi. Kuna jioni Bi Mnada alimshika mkono kwa muda mrefu, mdomo ukajaribu, ukajaribu, haukufika popote. Huenda ilikuwa hiyo. Huenda alitaka maji. Mama Pazia hakumwuliza, wala hakuuondoa mkono.

Kazi ya barabara ilipokwisha, mume alirudi na begi lake, vumbi mpaka kwenye kope. Akasimama mlangoni asiweze kuingia. Mama yake alikuwa amesimama kwa fimbo katikati ya sebule, akielekeza dirishani na kusema "Mbaya! Mbaya!" Mkewe, ambaye hakuwahi kumsikia akipandisha sauti katika ndoa yao yote, alikuwa akisema kwamba dirisha halifungwi, upepo hauui mtu, na mwenye cherehani ndiye anayehitaji hewa.

"Kuna nini humu?" akauliza, ameduwaa.

"Hakuna kitu," alijibu Mama Pazia bila kuondoa mguu kwenye pedali. "Mimi na mama tunagombana. Vua viatu, uingie."